BODI YA LAND ROVER YETU ISINUNULIWE KWA MACHO

Ndugu wanaushirika,

Anayejua kusoma amsomee mwenzake. Na ninyi wenzangu wa darasa la kisomo la jioni, msiogope urefu wa karatasi hii. Someni kidogo kidogo, hata kwa siku mbili. Itakaa hapa ubaoni mpaka Jumamosi ya mkutano, maana inahusu fedha yenu.

Habari mnayo. Land Rover yetu, ile 109 pikapu iliyolala chini ya mwembe wa ghala mpaka kuku wakaifanya nyumba yao, imeanza kunguruma tena. Injini imefunguliwa, imefungwa, inawaka. Breki zimefanywa. Vijana wetu wamefanya kazi hiyo jioni baada ya shamba, malipo yao chai na mihogo, wala hakuna mtu wa mjini aliyewashika mkono. Pongezi kwao. Kilichobaki ni bodi ya nyuma. Ile ya zamani haifai tena: sakafu imetoboka, ubavu wa kushoto ulipondwa na lori miaka hiyo, ukazibwa kwa bati la nyumba na misumari. Aibu kuitazama.

Sasa hapo kwenye bodi ndipo wajanja walipoingilia.

Wiki iliyopita alikuja fundi kutoka mjini. Jina lake silitaji, si mtu wa kutangazwa. Alishuka kwenye bodaboda, akalizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi, akasema: "Bodi ninayo, chuma kitupu, mtabeba mpaka mchoke. Milioni mbili na laki nane, nusu mtangulize." Tepu ya kupimia hakuwa nayo. Kuinama atazame chini ya gari hakuinama. Kuuliza sisi tunabeba nini hakuuliza. Na Kamati yetu ya Uchukuzi, watu wazima wenye wajukuu, wakawa wanatikisa vichwa kama mijusi juu ya jiwe. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Mimi nasema HAPANA. Kamati isilipe hata shilingi moja ya bodi, ya chuma au ya nini, mpaka chesisi yetu iwe imepimwa na vipimo vimeandikwa kwenye daftari la ushirika. Fedha hiyo imekatwa kwenye malipo ya pamba ya kila mmoja wetu, kilo kwa kilo. Haikuokotwa ufukweni kama konokono.

Najua yatakayosemwa, kwa hiyo nayajibu hapa hapa.

Wako wanaosema: ah, Land Rover ni Land Rover, bodi ya yoyote ile itaingia. Huo ni uongo, na hata mtoto wa darasa la tatu atauona kama atapewa namba. Hiyo 109 tunayoitaja kila siku, mia na tisa, mmewahi kuuliza ni mia na tisa ya nini? Ni inchi. Ni urefu wa kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Inchi moja ni sentimita mbili na nusu na kidogo, hivyo yetu ni kama sentimita 277. Iko ndugu yake fupi inaitwa 88. Chukueni 109 mtoe 88, zinabaki inchi 21, kama sentimita 53. Mtu akikuletea bodi ya 88 akaifunga kwenye gari yetu, madigadi itakuwa sehemu yake na gurudumu sehemu yake, na nyuma ya kichwa cha gari litabaki pengo la kulaza mbuzi. Lakini nyingi zinazoonekana zimetelekezwa ni hizo hizo fupi, na muuzaji hatakwambia. Atakwambia "hii ni ya Land Rover", na kwa hilo hajasema uongo hata kidogo!

Halafu iko 109 ya abiria, ile ndefu yenye milango ya pembeni mbele na nyuma. Jina lile lile, inchi zile zile. Bodi yake ya nyuma imekatwa kupisha mlango wa abiria, na tangi lake la mafuta linakaa nyuma wakati letu liko chini ya kiti. Ukiinunua hiyo, umenunua nusu ya bodi kwa bei ya nzima. Na iko ile iliyokuja kuanzia mwaka 1983, One Ten, inchi 110. Hiyo inakaribia, sikatai, ila gurudumu lake la nyuma limesogea inchi moja na inakalia koili, siyo springi bapa kama zetu. Fundi mwenye akili anaweza kuilazimisha kwa kupima na kutoboa upya. Fundi asiye na tepu hawezi.

Kwa hiyo tunachotafuta kina jina lake: bodi ya pikapu ya 109, ya bati la aluminiamu, kutoka gari kama yetu. Basi. Gari yetu ni ya toleo la tatu, lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 mpaka 1985. Bodi ya toleo la pili haitofautiani sana, nayo tuitazame, ila nayo ipimwe.

Hapo kuna wazee watauliza, kwa nini aluminiamu, si laini? Ndiyo, ni laini, lakini ina historia. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzi tu, na Uingereza chuma cha bati kilikuwa cha mgawo. Wakachukua bati la aluminiamu iliyochanganywa na magnesi, wakalifungia kwenye chesisi ya chuma. Walifanya kwa shida, ikawa bahati. Bodi haioti kutu nyekundu, na ni nyepesi. Ndiyo maana gari hizo zimezeeka nasi. Oktoba 2024 zilikusanyika Arusha kwa mamia, za kila umri, na watu wakatoka nchi za jirani kuja kuzitazama.

Lakini wema huo huo wa aluminiamu ndio umezimaliza. Nani asiyejua kwamba aluminiamu kwa mnunuzi wa skrepa ina bei kuliko chuma? Gari likifa, chesisi inaachwa majanini, bodi inakatwa vipande siku ya kwanza. Inakwenda kuyeyushwa. Ndugu zangu, bodi nyingi za Land Rover za kanda hii leo ni masufuria. Mnasongea ugali. Sicheki, nasema hivyo ili mjue kwamba kitu hiki ni adimu, hakiokotwi kwa wiki moja, na anayesema "ninayo tayari" kabla ya kujua ni ipi tunayotaka anauza alichonacho, hauzi tunachotaka.

Sasa tuje kwenye chuma kitupu, maana naona ndicho kilichowalewesha watu. "Mtabeba mpaka mchoke." Haya, tuchoke kwa hesabu.

Fundi alisema atatumia pleti ya milimita tatu. Pleti moja inauzwa futi nne kwa futi nane, yaani karibu mita tatu za mraba. Chuma cha milimita tatu kina uzito wa kama kilo 23 na nusu kwa kila mita ya mraba. Zidisheni: pleti moja ni kama kilo 70. Sakafu inataka pleti moja. Ubavu huu, ubavu huu, ukuta wa mbele na mlango wa kushusha wa nyuma, tuseme pleti mbili nyingine. Jumla kilo 210. Bado engo za chini, bado mabomba ya juu aliyoyasifu. Mkiweka kilo 90 kwa hayo hamjamwonea. Zinakuwa kilo 300. Gunia la mahindi la kilo mia, zidisha mara tatu. Bodi hiyo hiyo kwa aluminiamu, pleti moja haifiki hata kilo 25.

Tofauti ni kilo zaidi ya 200, ndugu wanaushirika. Magunia mawili! Kabla mama mmoja hajapakia hata debe, Land Rover imekwisha kubeba magunia mawili ya bure. Na gari hili si lori. Liliundwa kubeba karibu tani moja, si zaidi. Tukienda safari mia moja kwa msimu, tutakuwa tumesafirisha magunia mia mbili ya chuma kwenda Sengerema na kurudi, mafuta tukalipa sisi, springi zikavunjika zetu. Huyo fundi atakuwa Mwanza anakunywa soda.

Wenzangu wa kisomo, hesabu hiyo irudieni wenyewe kwa daftari. Mkiona nimekosea kuzidisha, njooni mseme mbele ya mkutano.

Na hayo mabomba ya juu. Nimeambiwa, katibu, pamba ni nyepesi, inajaa kabla ya kuwa nzito, tunahitaji kuta ndefu. Kweli kabisa. Pamba ikiwa haijachambuliwa ni kubwa kwa macho, ndogo kwa mizani. Lakini pamba tunabeba miezi mingapi? Baada ya pamba yanakuja mahindi, unakuja mpunga, saruji ya zahanati, mchanga wa ziwani. Mtu akiona ukuta mrefu haachi nafasi wazi, anajaza mpaka juu. Sisi ndio tunaolia kila msimu kwamba mlanguzi anatujazia lumbesi, gunia linashonewa kofia. Leo tunataka kulifunga lumbesi gari letu wenyewe, lenye matairi! Kama ni pamba, tutengeneze vizuizi vya mbao vya kuchomeka pembeni, tuviweke msimu wa pamba, tuvitoe ukiisha. Seremala tunaye, mbao tunazo. Wala haihitaji milioni.

Kuna jambo la hatari kuliko uzito. Huyo fundi alionyesha kwa mkono kwamba ataivuta bodi nyuma "kidogo" ili iingize magunia zaidi. Wanasemaga kidogo. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya gari inanyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi, dereva anakata kona na gari halikati. Kila aliyewahi kupanda mtumbwi akakaa watu watatu nyuma na hakuna mbele anaijua hali hiyo. Breki za 109 ni za ngoma magurudumu yote manne, za kubeba kile lilichoundwa kubeba. Mteremko ule wa mawe kabla ya daraja la mbao mnaujua, na mvua zikinyesha mnaujua zaidi. Na usiku gari hili ndilo litakalomkimbiza mjamzito hospitali. Halibebi magunia tu.

Hata bodi iwe nzuri namna gani, itafungwa juu ya nini? Chesisi. Chesisi ya Land Rover ni chuma, mraba wenye uwazi ndani, na kutu yake huanzia huko huko ndani usikoona. Nje imepakwa rangi, ndani inaliwa. Mahali panapoliwa sana ni kile chuma kilichokingama nyuma kabisa na pale springi zinaponing'inia. Bodi ikiwa juu, hapaonekani. Bodi ikishushwa, ndiyo siku ya kupaona. Kwa hiyo bodi mbovu ishushwe KWANZA, kabla hatujatafuta mpya. Mtu alale chini na nyundo ndogo, agonge taratibu toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanong'ona. Pakinong'ona chomeka bisibisi, ikizama hapo patakatwa na patachomelewa chuma kipya. Kisha mpime kona kwa kona, kulia mbele mpaka kushoto nyuma, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana chesisi imenyooka. Visipolingana limepinda, na hakuna bodi duniani itakayokaa sawa juu yake, hata ukiiagiza kwa wenyewe Uingereza.

Nimeuliza, je, fundi wa mjini alisema atafanya hayo? Nikajibiwa: "Alisema atachomelea bodi moja kwa moja kwenye chesisi, haitatikisika milele." Hee! Chesisi hujipinda kidogo njiani, ndivyo ilivyo, na bodi imefungwa kwa bolti ili isipasuke. Ukichomelea unaua vyote viwili. Tena kuchomelea tangi la mafuta likiwa chini ya kiti hatua chache kutoka hapo! Labda anataka kutuzika kabisa. Kwenye ghala letu kuna pamba.

Na kwa kuwa bodi yetu itakuwa aluminiamu juu ya chuma, jueni na hili: hivyo viwili vikigusana penye unyevu, aluminiamu inaliwa, inatoa unga mweupe kama chokaa. Ndio ule unga ulioko kwenye pembe za bodi yetu ya sasa, wengine mlidhani ni mbolea iliyomwagika. Dawa yake ni rahisi. Kila mahali vinapogusana wekeni kipande cha mpira wa tyubu kuukuu, chuma kipakwe rangi kwanza. Akina mama wa dagaa wanajua gari lao linavyolowa siku za samaki, maji yanashuka sakafuni mpaka bolti za chini. Matundu ya kutolea maji yasizibwe. Na bodi ikiwa na ufa, aluminiamu haichomelewi kwa mashine hizi za kawaida za kuchomelea mageti. Inataka mashine ya gesi ya agoni, au kiraka cha ribiti, ambacho kwangu mimi ndicho bora, kwa sababu ribiti tunaweza kupiga wenyewe.

Wako pia wa kundi la tatu, wao wanasema tuuze tu skrepa, tukodi Canter. Hao sitawajibu kwa maneno mengi. Kukodi Canter tumekodi miaka yote hii, na kila msimu mwenye gari ndiye anayepanga siku ya kuja na bei ya kuja. Pamba inalala nje, inanyeshewa, inashuka daraja. Injini inayowaka hauzi mtu kwa kilo. Na anayetaka sana iuzwe aseme mbele ya mkutano ni mnunuzi gani aliyemtuma.

Naambiwa pia kwamba katibu wa tawi anaingilia kazi ya ushirika, abaki na mihuri yake. Ndugu, mimi ni mwanachama wa ushirika huu, hisa ninazo, na kilo zangu zilikatwa kama zenu. Kisomo nimekipata ukubwani, kwenye taa ya chemli, nikiwa na watoto shuleni. Siku niliyoweza kusoma namba kwenye tepu ya fundi cherehani niliacha kudanganywa urefu wa kitambaa. Leo nidanganywe urefu wa bodi?

Wenzangu wawili wa kisomo tayari wameanza kazi. Wamepima kutoka nyuma ya kichwa cha gari mpaka katikati ya ekseli ya nyuma, na upana wa chesisi mahali patatu. Kilichobaki, yaani kona kwa kona na nafasi ya matundu ya bolti, hakipimiki mpaka bodi mbovu ishuke. Ishushwe Ijumaa jioni. Vijana kumi wanatosha, bolti zilowekwe mafuta machafu toka Alhamisi maana zimeganda, na kila bolti na kipande kinachotoka kiwekwe kwenye ndoo, kisitupwe. Mlango wa nyuma na minyororo yake ni mizima, huo utahamishiwa kwenye bodi mpya. Wanunuzi wa skrepa wakipita kijijini Ijumaa hiyo, waambiwe hakuna kinachouzwa.

Kisha vipimo vinakiliwe karatasi tatu. Moja ibaki kwa mhasibu. Nyingine mbili waende nazo watu wawili, kijana mmoja wa injini na mama mmoja wa Kamati, si watu wale wale wanaopanda gari kila mara kwenda kula chipsi. Safari si ngumu kama zamani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 hatungoji kivuko, asubuhi unatoka na jioni uko nyumbani. Waanze Nyakato na Igoma kwenye magereji. Wakikosa, waulize Magu na Misungwi, kwenye mashamba ya zamani na misheni, ambako Land Rover mara nyingine hufia uani na haifiki kwa wauza skrepa. Wakipata, wapime hapo hapo kabla ya kuuliza bei. Wainame. Washike sakafu kwa chini. Bodi iliyopondwa kidogo ubavuni tusiiogope, aluminiamu hunyooshwa kwa nyundo ya mbao. Bodi iliyoliwa kwenye mashikio ya bolti tuiache hata kama inang'aa rangi mpya. Rangi mpya ndiyo ya kuogopwa kuliko zote.

Wakikosa kabisa kwa miezi miwili, basi nitakuwa wa kwanza kukubali tutengeneze ya mbao ngumu juu ya engo nyepesi, kwa vipimo vya bodi ya asili, isizidi hata kiganja. Ya mbao, nimesema. Siyo lile jeneza la chuma.

Mkutano ni Jumamosi saa nane mchana ghalani. Kamati ije na daftari la malipo lililo wazi, tuone kama ile nusu ya kutanguliza bado iko kwenye sanduku. Minong'ono nimeisikia. Kama imekwisha kwenda, aliyeitoa aje na risiti na aje na fundi wake, na fundi aje na tepu. Asiye na tepu aazime kwa mwalimu wa kisomo, inatundikwa nyuma ya mlango wa darasa.

Katibu wa Tawi
(mwanachama wa ushirika)